Shujaa wa Kimbunga cha Lindi

Mwaka 1958, Mtaa wa Pemba, Kariakoo, watu walikuwa wanagombania kumnunulia kahawa mwanaume aliyemfungia mlango mama yake Zamda mpaka akafa kwenye kimbunga.

Na huyo huyo ndiye aliyekuja kumposa Zena, mdogo wake Zamda.

Msinibishie. Zamda ni bibi yangu, na haya kayasema kwa kinywa chake.

Jamaa aliitwa Bushiri. Kanzu inanukia marashi, na mdomo ndio usiseme. Kila alasiri yuko barazani kwa Mjomba Mwinyimvua, aliyekuwa anawalea mabinti wale, anapiga watu kamba kuhusu kimbunga kilichoifumua Lindi mwaka 1952.

"Nilimshika mama wa watu mkono," anasema, macho yake yako dirishani alipo Zena. "Upepo unavuta, na mimi navuta. Ukanizidi."

Wazee na ndevu zao wanafuta machozi!

Zena wakati wa kimbunga alikuwa huku Dar kwa mjomba. Hakuona kitu. Alimpenda Bushiri kwa ajili ya mkono ule tu.

Zamda alikuwepo Lindi. Sasa alimsikiliza Bushiri akiwa ndani, anapepeta mchele na kusonya.

Siku ile ya kimbunga, upepo ulipochachamaa, Bushiri, jirani yao, alikimbilia kwao akajibanza uvunguni mwa kitanda kama kuku mgonjwa. Shujaa huyo!

Mara upepo ukakatika. Jua likachomoza. Watu wakadhani yamekwisha, wakatoka kuokota nazi na mabati. Mama naye akatoka kumtafuta mbuzi wake.

Hakuna aliyewaambia kwamba kimbunga kina utulivu katikati, kisha kinarudi kwa upande wa pili.

Kikarudi.

Mama akagonga mlango. Akaita. Lakini mlango ukifunguliwa, paa linaondoka. Ukazuiwa kwa ndani mpaka sauti yake ikapotea.

Miaka sita Zamda alimdharau Bushiri kimoyomoyo. Bwege, mwoga, mwongo.

Alhamisi moja akamsikia Mjomba anasema, "Bwana Bushiri, kesho baada ya sala tunakuozesha."

Zamda akatoka mbio, ungo mkononi.

"Mkono upi uliomshika mama yangu? Mama anagonga, wewe umeuzuia mlango!"

Zena akatoka nje.

Bushiri akacheka, akaweka kikombe chini.

"Upepo ule, mlango mtu mmoja angeuweza? Mwambie mdogo wako, bibie. Tulikuwa wangapi?"

Zamda angeweza kusema "mmoja". Bushiri alikuwa keshakiri kwa mdomo wake mwenyewe kwamba aliuzuia mlango, nani angemwamini tena?

Lakini Zena alikuwa anamtazama.

"Wawili," akasema Zamda. "Mimi na yeye."

Zena hakulia. Aliingia ndani, akarudi na kanga za uchumba, akazimwaga miguuni pa Bushiri. Akaingia tena, akatoka na nguo zote za Zamda.

Akazimwaga pale pale, juu ya zile kanga.

Bibi anasema miaka yote ile alijiona bora kuliko Bushiri kwa sababu tu yeye hakujisifu. Upuuzi mtupu, anasema, na anajisonya mwenyewe.

Ndugu zangu, kunyamazia dhambi yako si ustaarabu, ni uongo uliovaa buibui. Kabla hujamsonya mwongo wa mtaani kwako, jiulize kwanza ni nini unachoomba asije akakisema.