Wakala Hana Sauti

Siku yangu ya kwanza kazini, mtu wa kwanza kunisemesha aliniuliza kama najua kutengeneza chai. Nikamjibu kwamba najua kupiga chapa. Alikuwa Bibi Hadley, mwenyekiti wa kamati ya akina mama, mwanamke mfupi aliyevaa kofia hata ndani ya nyumba. Akanitazama kutoka juu hadi chini, kisha akasema, "Vizuri. Chai tunatengeneza sisi. Nilitaka tu kujua kama umekuja kunipokonya birika."

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la viatu, mtaa wa Saltley, mjini Birmingham. Miaka ya sitini ilikuwa inaelekea ukingoni. Mimi nilikuwa Mtaita wa Wundanyi niliyesomea uhazili Nairobi na kumfuata mume wangu aliyekuja kusomea uhandisi. Watu huniuliza niliingiaje katika ofisi ya chama cha kihafidhina, tena miaka ile ambayo maneno makali juu yetu sisi wageni yalisemwa hadharani. Nawajibu ukweli: nilijibu tangazo la kazi, si la imani. Imani ilikuja baadaye kidogo kidogo, na sehemu yake nyingine mpaka leo haijafika.

Mkuu wangu aliitwa Wakala, na ninyi vijana mnaotuma ujumbe kwa simu hamwezi kujua kazi hiyo ilikuwa nini. Wakala aliajiriwa na wanachama wa jimbo kuendesha shughuli zote za chama: kupanga mikutano, kugawa mitaa kwa wapiga hodi, waliokwenda mlango kwa mlango kuomba kura, kuuza nguo kuukuu ili mfuko usikauke, na kuhakikisha kila mgombea anafuata sheria ya uchaguzi. Matangazo tuliyachapa kwa stensili, karatasi laini yenye nta ambayo taipureta huitoboa herufi kwa herufi. Ukikosea, unapaka dawa nyekundu inayonuka kama rangi ya kucha, unangoja ikauke, unarudia. Nilikuwa hodari, lakini pua yangu iliteseka.

Wakala wangu, Bwana Pargeter, alikuwa mrefu, mjane, mwenye sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Alinifundisha kanuni moja kabla ya nyingine zote.

"Wakala hana sauti," aliniambia. "Wanachama wakichagua mgombea au wakibishana juu ya kiongozi, mimi napanga viti tu. Siku watakapojua ninayemtaka, nusu yao hawataniamini tena. Na wewe unafanya kazi kwangu, kwa hiyo na wewe huna."

Nilicheka moyoni. Katika mji ule nilikuwa tayari nimezoea kutokuwa nayo.

Nikishuka kununua unga kwa Bwana Sohal, Singasinga mzaliwa wa Nakuru aliyekuwa na duka Alum Rock Road, alikuwa akinitania mbele ya wateja juu ya chama chetu na rangi yake ya bluu. "Eh dada, hao watu wako wa bluu wanalipa mshahara kweli, ama ni harambee? Basi waambie customer wao mmoja hapa anataka tax ipungue!"

Baada ya miaka michache Wakala alihamishiwa jimbo la upande wa Selly Oak, nami nikamfuata. Bibi Hadley naye alikuwa amekwisha kuhamia huko, kwa hiyo tukawa karibu zaidi. Nilipoanza kupiga hodi, mwanamume mmoja alinitazama usoni akanifungia mlango bila neno. Bibi Hadley, aliyekuwa nyuma yangu, alipanda ngazi akagonga kwa mpini wa mwavuli mpaka mlango ukafunguliwa tena. "Umemfungia mgeni wangu," akasema. "Sasa msalimie." Yule bwana akanisalimia. Kura hakutupa, nadhani, lakini nilitembea mtaa uliobaki nikiwa nimenyoosha shingo. Nilimpenda mama yule tangu siku hiyo.

Katikati ya miaka ya sabini chama kilishindwa uchaguzi, kisha kikashindwa tena, na wabunge wake wakaanza kunung'unikia kiongozi wao. Ikaamuliwa apigiwe kura. Mama mmoja mbunge akajitokeza kumpinga, jambo ambalo wengi walilichukulia kama mzaha.

Mwanachama wa kawaida hakuwa na kura katika jambo hilo. Waliopiga kura ni wabunge peke yao, huko London. Ila ilikuwapo desturi tuliyoiita kukusanya sauti. Mwenyekiti wa jimbo aliwaita wanachama ukumbini, akauliza, "Mnaonaje?", akasikiliza, kisha akampelekea mbunge wetu hali ya chumba. Hakuna karatasi, hakuna kunyoosha mikono. Sauti zilikuwa za waliomo chumbani, basi.

Na hapo ndipo palipokuwa na kasoro ambayo sikuiona mpaka nilipoonyeshwa. Mwenyekiti, bwana mwenye kiwanda cha skrubu, alikuwa na mazoea ya kuuliza swali lake wakati wa chai. Akikohoa tu, wanawake wote husimama kwenda jikoni. Wanaporudi na sinia, hali ya chumba imekwisha kujulikana.

Majira yale ya baridi Bibi Hadley aliugua mapafu. Kitanda chake kilishushwa sebuleni, na daktari akamkataza kabisa kutoka nje. Nilimpelekea supu nikamkuta anatazama dirishani.

"Watakutana Alhamisi," akasema. "Miaka yote hii, kila walipoulizana jambo kubwa nilikuwa naosha vikombe. Sikulalamika. Lakini hii ni ya mwisho kwangu, binti yangu. Ningependa mara moja tu niwe chumbani."

Nilirudi ofisini macho yamenivimba, nikamweleza Wakala. Alizungusha kalamu yake vidoleni. Kisha akasema, "Kanuni inataka watu wawe chumbani. Haisemi chumba kipi."

Mwenyekiti alipandwa na hasira kwenye simu mpaka nilimsikia nikiwa upande wa pili wa meza. Kikao cha chama sebuleni kwa mgonjwa! Heshima ya kikao je? Wakala alimjibu kwa upole kwamba ukumbi una baridi, na kwamba yeye ndiye mpanga viti.

Basi Alhamisi alasiri walibanana sebuleni kwa Bibi Hadley, wengine kwenye ngazi, wengine wameegemea kabati la vyombo. Mwenyewe alikuwa ameketi kitandani, amejitanda shali, na kofia kichwani. Mwenyekiti akakohoa. Wanawake wakasimama wote kwa pamoja, miguu ikitii kabla ya kichwa.

Wakala alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, sinia mkononi.

"Kaeni, tafadhali," akasema. "Asiye na sauti humu ni mimi. Kwa hiyo birika ni langu."

Wakaketi polepole, wakitazamana. Mimi nikamfuata, kwani nami sikuwa na sauti. Aliwasha jiko, akateleka birika, akasimama sikio likielekea sebuleni. Tulisikia kila kitu. Bibi Hadley alianza, na kila mtu aliamini kwamba atamtaka yule mama.

"Mimi nataka tubaki na huyu tuliye naye," alisema, akivuta pumzi kati ya maneno. "Hana maneno matamu. Lakini mtu aliyeshindwa hatupwi nje wakati wa baridi."

Hapo birika likaanza kuimba. Wakala aliliondoa motoni upesi lisije likapiga mbinja na kuifunika sauti ile. Likinyamaza, analirudisha. Likianza tena, analiondoa. Alifanya hivyo mpaka mwisho, maji hayakuchemka kamwe, nami nilimtazama usoni nikajua sauti ile ilikuwa nini kwake, jambo ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kumwambia mtu.

Wanawake wengine wakapinga. Mmoja alimtaka yule mama, mwingine akasema aliyeshindwa mara nyingi hana budi kupumzika. Hawakuwa wamewahi kubishana hivyo mbele ya wanaume. Mwenyekiti akageuzageuza kofia yake. "Sasa nimwambie nini Mheshimiwa? Siku zote humwambia tuna umoja."

"Mwambie tumegawanyika," akajibu Bibi Hadley. "Na umwambie ni akina nani."

Chai iliyoletwa ilikuwa maji ya vuguvugu yenye rangi. Bibi Hadley alionja, akamtazama Wakala, akanywa yote.

Wabunge walimchagua yule mama. Nilikuwa kando ya kitanda redio ilipotangaza. Bibi Hadley akafumba macho, akatabasamu. "Nimeshindwa," akasema. "Lakini safari hii nimeshindwa nikiwa chumbani." Alitutoka kabla maua ya masika hayajafunguka. Kaburini Wakala alisimama nyuma ya watu wote, mahali pa mpanga viti.

Niliendelea na kazi ile, baadaye nikawa wakala mimi mwenyewe, na wakuu wangu wengine siwasimulii kwa sababu hawakunifundisha zaidi. Jambo moja nililishika: katika mikutano yangu chai ilinywewa baada ya maneno, na mwenye kuiandaa alikuwa mimi. Mjukuu wangu huniuliza, "But Bibi, who did *you* want?" Namwambia avute kiti.

Kwa sababu nami niliwahi kuuliza. Nilipostaafu nilikwenda kumsalimia Bwana Pargeter, ameshakuwa mzee sana, anaishi peke yake. Nikamwambia sasa sote tuko nje ya kazi, hakuna wa kutusikia: wakati ule yeye alimtaka nani? Alicheka kwa ile sauti yake ya chini.

"Wakala hana sauti," akasema, akainuka kwa taabu kwenda jikoni.

Nilimwona kupitia mlangoni. Birika lilipoanza kuimba aliliondoa motoni, akasimama, sikio likielekea sebuleni. Kisha akaniletea chai ya vuguvugu, nami nikainywa yote.