Mkimbiaji wa Kituo cha Tatu

Sheria za besiboli nilijifundisha mwenyewe, kwa hofu. Mgeni aliyekuwa akifundisha shuleni kwetu Arua aliondoka akatuachia gongo la kupigia mpira, glovu chache na kijitabu cha sheria cha Kiingereza. Kwa kuwa sikuwa na mbio wala shabaha, nikawa refa. Nilikuwa kijana wa kukosa usingizi kwa uamuzi mmoja mbaya, na bado niko hivyo.

Miaka ya themanini ilikuwa inaisha. Watu walikuwa wamerudi kutoka Kongo na Sudani walikokimbilia vita, lakini si wote. Timu ya Koboko ilikuwa na desturi ambayo kijitabu hakikuitaja: mchezaji wao wa tisa hakuwapo. Nafasi ilikuwa ya kaka wa msichana mmoja wa timu; kaka huyo alipotea njiani familia ilipokuwa inakimbia. Dada alipiga kwanza zamu ya kaka, kisha akapiga yake mwenyewe. Akifika kituoni kwa zamu ya kaka, alitoka uwanjani na kumwacha "yeye" pale. Aliyefuata akipiga na kusogea kituo kimoja, kaka naye alihesabiwa amesogea kimoja. Sisi wa Arua tulikubali bila kuuliza mengi. Nyumbani kwao, nilikuja kuambiwa, sahani yake ndogo ya bati bado ilipakuliwa kila jioni, na mama yao alikataa katakata mwanawe asomewe hitma kama marehemu.

Siku hiyo tulicheza Koboko, pointi sawa kwa sawa, mchezo unaisha. Kaka alikuwa kituo cha tatu. Cha kwanza na cha pili vilikuwa tupu. Dada akapiga, mpira ukabingirika, akakimbilia kituo cha kwanza, na kaka, kwa hesabu yao, akaelekea cha nyumbani, panapopatikana pointi. Mtu wetu akauokota, akamrushia mdakaji wetu, naye akakanyaga gunia la mchanga lililokuwa kituo cha nyumbani.

"Auti! Refa, mimi nakanyaga kituo, mpira iko mkononi!" mdakaji akapaza sauti.

Hapo ndipo penye mtego. Mkimbiaji aliye na wenzake katika vituo vyote vya nyuma analazimika kukimbia, na kukanyaga kituo kunatosha kumtoa. Huyu nyuma yake palikuwa wazi. Lazima aguswe mwilini kwa glovu yenye mpira.

"Kituo hakitoshi," nikasema. "Mguse."

"Naguza wapi? Mutu hata hayuko!"

"Uliza yeye, atakuonyesha!" wenzake wakamtania.

Akacheka, akapunga glovu juu ya gunia kama mtu anayefukuza nzi. Glovu ikasimama. Haikupunguza mwendo. Ilisimama tu, kama imefika ukutani. Vumbi lililokuwa likipeperuka tangu asubuhi lilikuwa limetulia, wala sikuwa nimetambua limetulia lini.

"Nimegusa," akasema polepole.

Dada alikuwa amesharudi mbio. "Wapi?"

"Bega."

"Bega iko namna gani?"

Akaitazama glovu. "Ndogo. Ya mtoto."

Sisi wa Arua hatukuwahi kuambiwa alipotea akiwa na umri gani. Tulimdhania kijana kama sisi. Nilimtazama dada nikajua kwamba alikuwa mtoto kweli.

"Refa," akaniambia, "alifika kwanza, ama aliguswa kwanza?"

Hakuwa akiuliza habari ya pointi. Nilitafuta sheria kichwani kama mtu anayetafuta funguo gizani. Glovu ilisimama juu kabisa ya gunia. Basi miguu yake ilikuwa imeshakanyaga.

"Alifika," nikasema. "Pointi imeingia."

Koboko walishinda na hakuna aliyeshangilia. Mdakaji wetu alivua glovu, akaiacha pale pale, na hakuivaa tena. Dada akashika njia ya kwao akitembea pembeni kabisa, kama anayempisha mtu.

Baadaye akanitumia habari kwamba mama yao, aliposikia mwanawe alifika nyumbani, amekubali hitma isomwe. Nilikwenda, nikaketi karibu na mlango. Nani alinipa mimi kazi hiyo? Labda huko Kongo yuko mwanamume mzima, anauza chumvi sokoni, nami nimewapa ruhusa ya kumzika kwa sheria ya mchezo wa wageni.

Kisomo kilipoisha chakula kikaletwa. Sahani zilikuwa hazitoshi. Mama akaja mwenyewe mpaka mlangoni.

"Kula, mwanangu," akasema, akaniwekea mapajani sahani ndogo ya bati.

Nilikula yote. Niliogopa kubakiza.