Chupa ya Mzee Leonsi

Mzee Leonsi alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, kijiji cha jirani na Kaengesa, na mdomo wake haukuwa na breki. Bwana shamba alipotuagiza tuache ntumba, yale matuta ya duara tunayofukia majani ndani yake, tulime kwa mistari kwenye shamba la kijiji, ni Leonsi aliyemwambia mbele ya mkutano mzima kwamba mistari hailiwi. Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kumnyamazisha: Silvana, mke wa mwanawe Flavian. Mkwe ni mkwe. Silvana akipita, mzee alitazama pembeni, akapiga makofi ya salamu taratibu, basi.

Mwaka wa operesheni vijiji ini lake liliharibika. Tumbo likajaa maji, miguu ikavimba. Hospitalini Sumbawanga walimpa vidonge vya kupunguza maji, akakojoa vizuri, tumbo likaanza kushuka. Angetulia hapo, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini Leonsi alitaka awe mwembamba kabla ya sherehe ya mavuno, akawa anameza dozi mara mbili ya aliyoambiwa. Haraka haraka haina baraka. Mkojo ukakatika, akaanza kuweweseka, tukampakia kwenye lori tukamrudisha mjini.

Daktari alitueleza vizuri, nami namsifu kwa hilo. Alisema tumboni maji yamejaa, lakini kwenye mishipa ni kiangazi, na figo zina kiu. Alisimamisha vidonge, akamtundikia dripu, na sisi wanakijiji tukatoa damu. Mashine ya kusafisha damu haikuwepo mkoa mzima, kwa hiyo kila kitu kilitegemea chupa ya mkojo chini ya kitanda. Ikipata kitu, figo zinaamka. Ikibaki kavu, dripu itaondolewa, maana maji yangepanda mapafuni, na mzee arudi kufia kwake.

Na muuguzi wa kukagua chupa wodini alikuwa Silvana.

Fahamu zilimrudia mzee, akaanza hata kubishana na Basil wa kitanda cha jirani juu ya ng'ombe. Chupa ikabaki kavu. Kila asubuhi Silvana aliipeleka kwa daktari akiigeuzageuza kwenye mwanga kutafuta hata tone, kwa sababu alimpenda sana yule mzee asiyemtazama. Daktari alikuna kichwa. Mgonjwa anachangamka, figo hazisemi kitu. Mwishowe alituambia tutafute lori.

Kristiana, mke wa mzee, aliingia wodini akilia waziwazi. Leonsi akamuuliza kafiwa na nani. Akajibiwa kwamba anafiwa na yeye, kwa kuwa hakojoi. Mzee akamvuta karibu.

"Nakojoa sana," alinong'ona. "Kule nje, kwenye mahindi. Ulitaka mkwe wangu abebe mkojo wangu?"

Kumbe kila dripu ilipoisha, kabla hajatundikiwa nyingine, alishika ukuta akajikokota hadi nyuma ya wodi. Basil aliona yote akanyamaza, maana naye ana wakwe.

Kristiana alicheka machozi yakiwa bado yanamtiririka. "Mficha uchi hazai," akamwambia, "na wewe umeshazaa. Toa mkojo."

Chupa akakabidhiwa Adolfu, mhudumu wa kiume. Jioni ilikuwa na mkojo nusu nzima, mweusi kama chai iliyokolea. Adolfu aliipitisha kati ya vitanda kama kombe la mpira, wodi nzima ikapiga makofi. Silvana alisimama mlangoni, kitambaa usoni, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Sijawahi kufurahia mkojo wa mtu namna ile.

Ini halikupona. Daktari alimkataza pombe na chumvi, na vidonge alivifungia Kristiana sandukuni kwake. Hata hivyo mzee alivuna nasi misimu kadhaa, akawachosha mabwana shamba wengine wawili.

Tumbo liliporudi, tulimpeleka tena. Adolfu alikuwa likizo, tukaogopa mambo yaleyale. Silvana alisimama mbali, macho chini. Mzee alimtazama usoni, mara ya kwanza tangu harusi.

"Silvana mwanangu," alisema, "leta chupa wewe. Mimi sitaki kufa kwa ajili ya heshima."

Aliileta, akageukia dirishani kusubiri, nasi tukatoka nje.