Gitaa la Rangi ya Samli

Nakumbuka Alhamisi moja, miaka michache kabla ya Mapinduzi, nilipoingia uani kwa Bi Time, pale Wete, nikiwa na kopo la rangi ya mashua mkono mmoja na kipande cha msasa mkono wa pili. Nilikuwa mpiga gitaa wa kikundi chetu cha taarabu, mwanangu, kijana wa suruali ya kubana na nywele zilizolowa mafuta, na niliamini kwamba dunia nzima inanitazama. Baadaye nilisoma hadi chuo kikuu, nikagundua kuwa dunia ilikuwa na shughuli zake. Siku ile habari hiyo ilikuwa haijanifikia.

Gitaa halikuwa langu. Lilikuwa la Bi Time, mjane wa baharia aliyelileta kutoka safari za mbali: gitaa la umeme, jeupe kama nyama ya dafu. Mumewe alipofariki, Bi Time hakuliuza wala hakulifungia. Alituazima tulipige, kwa sharti kwamba likimaliza kazi lirudi nyumbani. Na kila usiku wa kuamkia Ijumaa, akisha kufukiza nguo zake udi, hulipitisha na gitaa juu ya chetezo, maana lilikuwa kipenzi cha marehemu. Mwaka baada ya mwaka, moshi ule, na jasho la mikono yetu, vikaligeuza. Weupe ukaenda, ikaja rangi ya samli.

Hatukuona neno, mpaka kikundi kimoja cha Chake Chake kilipopata gitaa jipya, jekundu, linalong'aa. Wazee walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Na mimi kinyemi hicho kilinichoma. Vijana wa Chake wakikutana nasi huuliza, "Jamani, gitaa lenu bado linakula tambuu?" wakilifananisha na meno ya mtafunaji. Na kesho yake ile Alhamisi tulikuwa tumealikwa sote, wao na sisi, harusini Gando. Aliyekuwa akiolewa ni mjukuu wa Bi Time mwenyewe. Nikaona heri nilikwaruze, nilipake rangi, tuende na uso.

Nilijua kwamba wakati ule Bi Time huwa kwa jirani yake. Sikujua kwamba jirani amekwenda Msuka.

"Weye Khamis, n'nini hicho?"

"Msasa, Bi Time."

"Wa nini?"

"Nataka kulipiga rangi gitaa. Wale wa Chake watatucheka."

Akalichukua kopo, akalinusa, akaliweka chini. Kisha akausogeza mtandio wake nyuma kidogo, nikaona nywele zake.

"Na miye n'na mvi. Utanipaka lini?"

Nikauficha msasa nyuma ya mgongo.

"Mjukuu wangu ana harusi moja tu," akaendelea. "Rangi hiyo kesho haijakauka, na gitaa likiharibika utawaimbia watu kwa pua? Kaa hapa. Uchafu hutoka, umri hautoki. Kwanza tujue kipi ni kipi."

Akanipa kipande cha shuka kuukuu, laini kwa kufuliwa, na bakuli la maji. Kila nilipochovya alinisimamia nikikamue mpaka kisidondoke hata tone, maana mbao na maji si marafiki. Nikalegeza nyuzi, nikaanza kufuta, polepole, kwa mzunguko mdogo. Mwanangu, kitambaa kilitoka rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyotiwa maziwa! Nikabadilisha upande, nikafuta tena, mpaka kikatoka kisafi. Gitaa lilikuwa limefunguka uso, lakini jeupe halikuwa. Lilikuwa samli bado, samli safi, na chini yake nikaona mistari midogo ya mbao iliyotulia.

"Basi," akasema Bi Time. "Hiyo sasa ndiyo rangi yake. Geukia vyuma."

Nikachonga mswaki, nikapita nao chini ya nyuzi na pembeni mwa vyuma, mahali vidole visipofika. Na hapo, kwenye kitufe cha kupandishia sauti, nikakuta kutu ya kijani imejazana. Miezi mingi gitaa lile lilikuwa likikoroma kila nikigusa kitufe, nasi tukiisingizia spika. Mimi nilikuwa nimehangaika na uso, kumbe ugonjwa uko kooni. Kama ningelipaka rangi yangu, ningeizika kutu ile mle mle. Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Tukapangusa kwa pamba yenye tone la spiriti ya taa ya karabai. Nikakizungusha kitufe, mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka kikalainika. Kama limepona au halijapona, hatukuweza kujua. Umeme tungeupata Gando tu, kwa jenereta ya mwenye duka mmoja.

Kesho yake, harusini Gando, nilikaa kwenye kiti changu nimejawa na hofu. Mwimbaji wa Chake, mama mcheshi mwenye sauti ya kufika ng'ambo, akalitazama gitaa letu mbele za watu.

"Bi Time, hilo lenu meno yameshika rangi!"

"Lenu halijaota," akajibu Bi Time.

Ua zima likaangua kicheko, na yule mama wa Chake akacheka kuliko wote. Jenereta ikaunguruma nyuma ya nyumba. Nikashika kitufe, nikakipandisha. Kimya. Hakuna kukoroma. Nikagonga uzi, sauti ikatoka safi, ikapita juu ya vichwa, na vigelegele vikaipokea. Bibi harusi alishushwa mbele ya wageni kwa sauti hiyo. Nikamtazama Bi Time nikingoja sifa.

"Uzi wa tatu umelegea," akasema. "Kaza."

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukipewa kitu kikongwe ukitunze, iwe ala, nyumba au mzazi, usianze na msasa. Futa kwa kitambaa laini, kwa subira. Kitakachotoka ni uchafu, kitupe. Kitakachobaki ni umri, kiheshimu. Kisha sikiliza sauti yake kabla ya kuhangaikia sura. Wala usiache mbachao kwa msala upitao.

Mungu akupe mikono mipole na macho ya kupambanua. Akuzeeshe katika heri, na siku yako ikifika, akujaalie mtu wa kukupangusa vumbi bila kukukwaruza.