Nilivyoiona nyota ambayo haipo, mbele ya baba mkwe

Wakuu, heshima kwenu. Hili silitii chumvi hata punje, maana anayeumbuka humu ni mimi mwenyewe.

Mimi ni Msukuma wa Misungwi, nauza mbegu na mbolea. Mwezi wa pili nilikwenda Butimba, kando ya ziwa, kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu, Adela. Baba yake ni Mhaya, mwalimu mstaafu wa fizikia. Asipokubali yeye, hakuna kutuma mshenga.



Tukala ndizi na sato. Giza lilipoingia, mzee akatoa darubini yake uani. Akanieleza kwamba Sirius, ile nyota inayong'aa kuliko zote, ina mwenza wake. Ni kinyota hafifu ubavuni, ila mwanga wa mkubwa unakimeza. Wengi hawakioni.

Utaratibu wa nyumba ile: unachungulia, unachora ulichokiona, na hakuna kuongea hadi karatasi zikusanywe. Mtihani wa taifa kabisa.

Nikachungulia. Bonge la mwanga linachezacheza, basi. Wadudu wa ziwani wananiingia masikioni.

Sasa wakuu, umekula ndizi za mtu, unamtaka binti yake, utasema hujaona?

Nikachora duara kubwa, kando yake nukta. Nikaiwekea na mshale.

Adela kachora duara tupu. Mama yake vile vile. Nikawaonea huruma.

Mzee akashika karatasi yangu. "Nukta hii umeiona kwa macho yako?"

"Nimeiona, baba. Iko wazi kabisa."

"Hapa sijaelekeza Sirius. Hii ni nyota nyingine, Canopus, wageni huwa naanza nao hapa. Haina mwenza."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama akakimbilia jikoni kucheka, na nilimsikia vizuri tu.

Mzee akageuza darubini kwenye Sirius yenyewe. "Rudia."

Nikachungulia mpaka jicho likatoa machozi. Ningeweza kudanganya tena, maana safari hii kinyota kipo kweli. Nikashindwa.

"Sikioni, baba. Naomba unisamehe."

"Hata mimi sijawahi kukiona," akasema. "Mwaka wa kumi na mbili huu nakitafuta."

Akakunja karatasi yangu, akaitia mfukoni.

"Mshenga aje Jumamosi. Hii nabaki nayo."

Nilichojifunza: ukweni ukiulizwa umeona nini, na hujaona kitu, sema hivyo hivyo.

Wenye darubini humu, hicho kinyota mnakipataje? Nimeagizwa nisirudi Butimba bila jibu.