Boksi la Pili Huanzia Saba

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa fagio, ndoo na matambara mawili, nikaonyeshwa ukumbi wa shule. Sikuajiriwa kuwasha taa za jukwaa, niliajiriwa kufagia. Nalisema mapema, nyinyi vijana mnaoingia kazi hii na vyeti mkononi msije mkadhani nami nilitokea chuoni. Nilisoma mpaka darasa la nne, kisha nikasimama na mama yangu kwenye vizimba vya soko la Kariakoo tukiuza bizari, mpaka nikaolewa, mpaka nikafiwa na mume. Shule yenyewe ilikuwa nyuma ya Gerezani, upande wa maduka ya vipuri. Nilikuwa nakwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu.

Aliyenipokea ni Fundi Mkuu wa ukumbi. Mtu wa Kilimanjaro, mfupi, shati limechomekwa vizuri, kalamu mbili mfukoni. Hakuwa na maneno mengi. Alinipeleka kwenye kichumba nyuma ya jukwaa, akanionyesha maboksi manne ya chuma yaliyofungwa ukutani, kila moja limeandikwa namba yake kwa rangi nyeupe: moja, mbili, tatu, nne.

"Hizi ndizo dima," akasema.

"Zinafanya nini?"

"Zinapima umeme unaokwenda kwenye taa. Bila dima, taa inajua mambo mawili tu, kuwaka na kuzimika. Ukiwa na dima unaileta taratibu, kama kunavyokucha. Adui yake ni vumbi. Utafuta kila Jumatatu. Nje tu."

"Na ndani?"

"Ndani kuna umeme wa kukuua, Mama Zuhura. Nimesema nje tu."

Nikafuta nje tu, miezi mingi. Na kwa kuwa mimi si mtu wa kufuta nimefumba macho, nikaanza kuona vitu. Chini ya kila boksi palikuwa na vigurudumu vitatu vidogo vyenye namba, kama vile vya kufuli la begi la safari. Boksi la kwanza lilisoma moja. La pili lilisoma saba. La tatu kumi na tatu. La nne kumi na tisa. Ilinikera. Boksi limeandikwa mbili kwa rangi, halafu chini linasema saba? Nikajua ni wanafunzi, wamechezea.

Nimelelewa nyumba ambayo vikombe hupangwa mikono ikitazama upande mmoja. Jumatatu moja, wiki ya mahafali, nikachukua ncha ya kibanio cha nywele nikazungusha vigurudumu mpaka kila boksi likasema jina lake. Moja, mbili, tatu, nne. Nikafuta, nikafunga mlango, nikaenda zangu kupiga deki nikiwa na raha ya mtu aliyenyoosha jambo.

Alhamisi Fundi Mkuu akapanda kwenye meza ya taa kujaribu. Meza hiyo ilikaa kwenye roshani nyuma kabisa ya ukumbi, ina vishikio ishirini na vinne vya kusukuma juu na chini, kila kishikio na taa yake. Mahafali yalikuwa kesho yake. Wanafunzi walikuwa wanacheza tamthilia mbele ya wazazi na bodi ya shule, na Mkuu wa Shule, mama mmoja mkali mwenye kutembea upesi, alikuwa ameshamwonya Fundi Mkuu mara mbili. Macho ya Fundi yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Sherehe ya nyuma alimulika pazia badala ya mgeni rasmi. Mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha na kila mtumishi alijua kwamba kosa la tatu ndilo la kumrudisha kwao.

Akasukuma kishikio cha kwanza, ikawaka taa moja. Sawa. Akasukuma cha pili, zikawaka mbili. Cha tatu, tatu. Cha nne, nne, moja kushoto, moja kulia, nyingine juu ya vichwa vya watoto wanaofanya mazoezi. Kuanzia cha kumi mpaka cha ishirini na nne, kimya kama makaburini.

"Kuna nini hapa?" akajiuliza.

Akakagua waya wa mawasiliano, ule unaobeba amri kutoka mezani na kupita boksi hadi boksi. Mzima. Akazima kila kitu akawasha upya. Yale yale. Akapiga simu kwa kampuni iliyotufungia mitambo, wakamjibu mvua imejaza Jangwani, njia imefungwa, wasubiriwe Jumamosi. Jumamosi mahafali yameshapita.

Alasiri akaniita kichumbani, ananipa tochi. "Mama Zuhura, wewe una macho. Nisomee hizo namba za chini."

Nikachuchumaa. Nikamsomea kwa sauti ya kujisifu kabisa: "Moja. Mbili. Tatu. Nne. Zimenyooka, Fundi."

Akakaa juu ya ndoo yangu. Alikaa kama mzigo ulioshushwa.

"Ni mimi," akasema. "Mwezi uliopita niliyashusha haya maboksi kubadilisha fyuzi. Nimeyarudisha bila miwani. Ni mimi, macho yamenimaliza."

Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini. Na hapo hapo mlango ukafunguliwa, Mkuu wa Shule akaingia.

"Fundi, naambiwa taa zina wazimu. Kulikoni?"

"Nimekosea namba, Mkuu. Nitazirudisha sasa hivi."

"Umekosea tena?"

"Macho, Mkuu."

"Nilikwambia habari ya macho. Haya, rekebisha. Jumatatu uje ofisini tuzungumze habari ya mkataba."

Nawaambia ukweli, maana nimezeeka na sina wa kumwogopa. Nilinyamaza. Nilihesabu watoto wangu watatu, nikanyamaza. Mzee alikuwa ameshalibeba kosa mwenyewe, hakuna aliyeniuliza. Mkuu wa Shule akageuka, akafika mlangoni. Nikamtazama Fundi anapapasa mfuko wake akitafuta miwani ambayo ilikuwa imening'inia shingoni mwake.

"Mkuu," nikasema, "si yeye. Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Nilizungusha namba Jumatatu. Nilidhani zimekosewa, nikazinyoosha."

"Nani alikutuma?"

"Sikutumwa."

Mkuu akanitazama kuanzia kanga mpaka kandambili. "Mtumishi anayeshika asichokijua hafai kukaa humu. Kuanzia Jumatatu utakwenda jikoni."

Jikoni nisingekufa, kupika ninajua. Lakini Fundi Mkuu alisimama.

"Mkuu, niachie huyu. Nilimwambia asiingize mkono ndani. Sikumwambia namba za nje ni za nini. Aliyekosa kufundisha ni mimi. Halafu ana macho, mimi nina kichwa. Tukigawana, ukumbi utakuwa na fundi mmoja kamili."

Mkuu wa Shule hakucheka. "Kesho taa zikikosea," akasema, "mtaondoka wote wawili, kichwa na macho."

Akaenda. Fundi Mkuu akanigeukia. Nilitegemea kutukanwa.

"Umezaliwa Kariakoo?"

"Mimi na mama yangu."

"Basi sikiliza. Hapa pana vizimba ishirini na vinne, vimepangwa mstari mmoja, na wafanyabiashara wanne. Kila mmoja ana vizimba sita. Wa kwanza anaanzia wapi?"

"Moja."

"Anaishia wapi?"

"Sita."

"Wa pili anaanzia wapi?"

Nikahesabu kwa vidole. "Saba."

"Na wewe ulimwambia aanzie ngapi?"

"Mbili."

"Sasa mzigo ukiletwa kizimba cha nne?"

"Watu wanne watasema ni wao," nikasema. "Na mzigo wa kizimba cha ishirini hauna mwenyewe."

"Umemaliza chuo," akasema. "Ile namba ya chini si jina la boksi. Inaitwa anwani. Inasema kizimba chake cha kwanza ni kipi, vitano vinavyofuata linajihesabia lenyewe. Shika kibanio chako."

Nikazungusha: moja, saba, kumi na tatu, kumi na tisa. Yeye akapanda mezani, mimi nikabaki jukwaani. Akasukuma kishikio kimoja kimoja, na mimi naita taa iliyowaka. Zote ishirini na nne zikajibu, kila moja peke yake.

"Nyinyi watu wa Pwani kwa kunyoosha mambo," akasema kutoka kule juu.

"Na nyinyi wa mlimani kwa kuficha elimu," nikamjibu.

Kesho yake mahafali yakaenda bila kasoro. Jumatatu Mkuu wa Shule alimwita ofisini kama alivyosema, na alirudi na mkataba, na barua yangu: msaidizi wa fundi wa ukumbi. Tukafanya kazi miaka sita, yeye akisema na mimi nikiona. Alinifundisha kizibo cha mwisho, kile kidude kinachochomekwa kwenye boksi la mwisho ili amri zisifike mwisho wa waya zikarudi nyuma na kuvuruga wenzake. Taa zikianza kupepesa bila sababu, tazama kizibo kwanza. Alinifundisha kugusa kitu kimoja kwa wakati mmoja, kwa sababu ukigusa viwili kwa mpigo na taa zikapona, hutajua kilichoponya ni kipi. Na alinifundisha kuandika anwani pembeni ya boksi kwa rangi nyekundu, ili mwenye kufuta vumbi ajue zina maana.

Alistaafu kwa heshima, akakabidhiwa cheti na blanketi, akarudi kwao. Wakaja wakuu wengine wa shule, wawili, mmoja mpole na mmoja wa kupenda vikao. Meza ya taa ikabadilishwa, ikaja ya skrini. Mimi nikawa ndiye mwenye funguo. Kila msaidizi aliyeletwa kwangu nilimsimulia kosa langu kabla sijamwonyesha chochote, wala sikulipamba. Wengine walicheka, na niliwaacha wacheke.

Wa mwisho alikuwa binti wa chuo, mwepesi wa mikono, salamu yake "Shikamoo, Bibi" huku anatazama simu. Siku moja alikuja kwangu hajaulizwa na mtu, uso umemshuka. Alikuwa amefuta mpangilio wote wa taa za tamasha, kazi ya wiki mbili. Hakuna aliyekuwa anajua. Nikamwambia, "Asante kwa kusema. Lete kiti tuanze." Tukaupanga upya kwa siku tatu.

Nimestaafu mwaka huu. Nashukuru kwa kazi, nashukuru kwamba ilisomesha watoto wangu, nashukuru kwamba mtu mwenye kichwa alikubali kuyahitaji macho ya mfagiaji. Siku ya kukabidhi funguo nilimpigia Fundi Mkuu simu kumwambia hivyo.

"Sema upesi," akasema, "niko kwenye migomba. Dima zangu umemwachia nani?"

"Binti mmoja. Alikosea kazi ya wiki mbili, akaja kuniambia mwenyewe kabla hajakamatwa."

Nilisikia kuku wake.

"Basi ziko salama," akasema, "na wewe pumzika."