Futari ya Asiyefunga

Niseme mapema: mimi mkaidi, na marehemu mume wangu alilijua hilo kuliko wote. Daktari alinipa vidonge vya presha, akasema vinatanua mishipa ili damu ipite kwa nafasi. Nikavimeza kila asubuhi. Ilipoingia Ramadhani nikahamishia kidonge kwenye daku, nikafunga. Sikumuuliza mtu. Ningemuuliza nani, na watoto wako Dar, wanapiga simu wakikumbuka?

Miezi mingine yote nakula peke yangu, sahani mapajani, redio ikisema na kuta. Ramadhani ndipo jirani yangu hapa Kilakala hutandika mkeka uani, tukafuturu wanawake wa mtaa: uji wa pilipili manga, magimbi ya nazi, na umbea. Mwezi huo nami nakuwa mtu. Basi kichwa kilipoanza kuzunguka, na mkojo ukawa haba, mweusi kama chai ya rangi, nikasema ni njaa tu, mwili utazoea. Jioni moja nikaanguka nikitawadha.

Hospitalini daktari, binti wa kumzaa, aliniamkia kwanza ndipo akanigombeza. Alisikia lafudhi yangu ya mlimani, akauliza maji kwetu Uluguru huja vipi. Nikamwambia, kwa bomba, kutoka kijito cha juu.

"Sasa mama, kiangazi kijito kimepungua, halafu wewe unatandaza bomba pana zaidi. Maji yatafika chini na nguvu gani?"

Figo huchuja damu ikija kwa msukumo, alisema. Dawa ilinitanua mishipa mwili mzima, nami kwa kiu nikawa nimepunguza damu yenyewe. Chujio lilikuwepo, msukumo haukuwepo.

Akasimamisha dawa, nikatundikiwa dripu. Figo zikarudi, alhamdulillahi. Ila akanionya: zikichezewa tena huenda zisirudi. Nitapewa dawa nyingine, ninywe maji mchana kutwa, na kufunga ndiyo basi tena. Nililia njia nzima kurudi nyumbani, na wala si kwa ajili ya figo.

Ramadhani iliyofuata jirani aliniita, sikwenda. Kwetu anayekula mchana wa Ramadhani huitwa kobe, na watani wangu hawana breki. Mgonjwa ana ruhusa, najua. Lakini ukae mkekani na watu waliokaukwa midomo, wewe umeshiba ugali wa saa saba? Nilisikia vicheko vyao ng'ambo ya ukuta, nikafunga dirisha. Upweke ule uliniuma kuliko ugonjwa.

Asiyeweza kufunga hulisha maskini kwa kila siku anayokula. Nikapika magimbi, jioni nikampelekea bibi mmoja anayeishi chumba cha nyuma ya genge, peke yake, macho yamefifia. Nikamwamkia, nikamweleza habari ya figo, kwamba sifungi na hii ni fidia yangu. Nikaweka bakuli, nikageuka.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, bibi."

"Kuna nani?"

Nikarudi hatua moja ndani.

"Chakula huwa wananiletea, mwanangu. Wanaweka hapo mlangoni, wanakwenda zao." Akasogea, mkeka ukabaki na nafasi. "Kaa."

Nikakaa. Adhana ilipolia akanywa maji, kisha akapapasa mpaka akaupata mkono wangu, akatia humo kipande cha gimbi kabla hajala chake.